Mlango Nyuma ya Tembo

Dhapu Bai alizaliwa binti wa sita katika nyumba iliyokuwa ikingoja mtoto wa kiume, ndiyo sababu akapewa jina la Dhapu, yaani tumetosheka. Huko Rajasthan wanawake wenye jina hilo ni wengi wala hakuna anayelilia. Yeye mwenyewe alilifanyia mzaha. "Waliposema basi," alikuwa akisema, "Mungu akawaongeza wa saba, naye binti vilevile."

Aliolewa Kherda, mji mdogo ulio mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka Kota. Mumewe, Mangilal, alikuwa mlinzi wa kisima cha ngazi kilichochimbwa na malkia mmoja wa zamani, na alipokufa kwa kifua kikuu, idara ya mambo ya kale ikamkabidhi mjane funguo na fagio. Dhapu alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kila asubuhi alifagia vidato mia moja arobaini na vinne kuanzia juu hadi kwenye maji, akiwafukuza njiwa na kuwakemea vijana waliobandika ubani wa kutafuna kwenye nguzo. Mmoja aliwahi kuchora moyo ukutani kwa msumari. Dhapu alimzaba kofi mbele ya mchumba wake.

Sasa, uongo wenyewe ulianza hivi. Mwaka wa pili wa ujane wake alikuja mgeni kutoka Jaipur, bwana mmoja wa miwani myeusi. Alishuka hadi katikati, akageuza shingo huku na huku, akauliza, "Ndiyo hiki tu?"

Dhapu alihisi kama ametukanwa yeye, na mumewe, na malkia pia. Mkono wake ukanyooka wenyewe kuelekea ukuta wa ngazi ya tatu, alikochongwa tembo mkubwa kwenye jiwe jekundu.

"Nyuma ya yule tembo kuna mlango," akasema. "Malkia alitorokea humo maadui walipouzingira mji. Anayejua pa kubonyeza hubonyeza jicho."

Yule bwana akavua miwani. Naye Dhapu akabaki anajishangaa, maana hadithi hiyo hakuisikia kwa mtu yeyote. Ilimtoka tu kama chafya.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Dhapu ilikwenda miaka kumi na tisa bila kuchoka. Aliwasimulia walimu, maharusi waliokuja kupiga picha, hata wakubwa wa idara. Mwisho akaizoea, na jirani zake wakawa wanaisimulia kama kitu walichorithi kwa babu zao.

Halafu, msimu mmoja wa baridi, akaja Tanaya kutoka Kolkata. Alikuwa mchoraji, msichana mwembamba asiyepitwa na kitu. Siku kumi na moja alikaa vidatoni na kalamu zake, akila mkate wa uwele na chatini ya kitunguu saumu pamoja na Dhapu, na akimwita mama mdogo.

"Unachora za nini zote hizo?" Dhapu alimuuliza.

"Kitabu cha hadithi ya picha, mama mdogo. Kuna gemu la kompyuta linatengenezwa, la mpelelezi mwanamke wa zamani zile Waingereza walipokuwa wakimeza falme moja moja. Watu wakicheza, watataka kujua mambo yalianzaje. Hayo ndiyo yatakuwa kwenye kitabu."

"Na kisima changu kimo?"

"Kisima chako ndicho kitovu chake. Hebu niambie tena habari za ule mlango."

Dhapu akamwambia tena, na siku hiyo akaongeza upepo baridi unaopenya kwenye ufa.

Kitabu kilifika kwa posta mwezi wa nne. Kusoma kwake Dhapu ni kwa kubahatisha, kwa hiyo alikipeleka kwa Ramkaran muuza chai, rafiki wa marehemu mumewe. Walipofungua ukurasa wa kumi, Ramkaran akaacha maziwa yakafurika.

"Shemeji! Kumbe umeishi miaka mia mbili na hukutuambia?"

Ni yeye. Kipini chake puani, kovu lake la nyusi, funguo kiunoni. Kwenye picha, kapteni wa adui amemwekea upanga shingoni, anamuuliza mlango uko wapi. Ramkaran akasoma jibu lake kwa sauti: "Mlango haupo, bwana. Ni porojo za wanawake." Kapteni anaondoka. Ukurasa unaofuata, mlinzi anabonyeza jicho la tembo, ukuta unafunguka, na mpelelezi anapita kwenda zake.

Dhapu aliufunika mdomo kwa upande wa mtandio. Miaka yote hiyo mlango ule alikuwa hajauona ukifunguka, hata kwenye ndoto. Sasa uko wazi mbele yake, na ndani kuna giza, na ngazi, na mwenge.

"Huku nyuma kuna picha yako halisi," Ramkaran akasema. "Wameandika: mlango huu upo kweli, tumesimuliwa na mlinzi wake." Akamtazama kwa heshima. "Sasa umekuwa mtu mkubwa, shemeji."

Dhapu akaisukuma chai yake kando.

Gemu lilipotoka, Jumapili zikageuka. Kota imejaa vijana wa nchi nzima waliopelekwa na wazazi kujinoa kwa mitihani ya udaktari na uhandisi, na siku yao moja ya mapumziko walianza kuja Kherda kwa pikipiki, watatu watatu. Walibonyeza jicho la tembo hadi likang'aa kama shaba. Walibandika masikio ukutani. "Nimesikia upepo!" mmoja akipiga kelele, wote walikuwa wakikimbilia.

Kati yao alikuwepo binti aitwaye Vaidehi, mwenye miaka kumi na minane, mtoto wa muuza dawa wa Bhilwara. Huyu hakuwa na makelele. Alifika kwa basi peke yake, akainama kugusa miguu ya Dhapu, akamletea mapera kwenye mfuko wa karatasi. Aliwahi hata kushika fagio na kumalizia vidato vya chini. Dhapu alimpenda, tena waziwazi. Akawa anamwekea pa kukaa kivulini na madaftari yake.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, jua likiwa utosini na mji mzima umejifungia ndani, Dhapu alikuwa amekwenda nyumbani kujinyoosha kama kawaida yake. Akakumbuka kuwa simu ameisahau kibandani. Akarudi. Alipokaribia lango alisikia mlio kutoka chini: ko, ko, ko. Chuma juu ya jiwe.

Alishuka akipepesuka. Kwenye ngazi ya tatu, mkonga wa tembo ulikuwa umelala chini, umekatika vipande viwili. Pale penye jicho palikuwa na shimo. Na mbele ya shimo, mtaimbo mkononi, nywele zimejaa vumbi jekundu, alisimama Vaidehi.

Dhapu angekuta wahuni angejua la kusema. Angekuta wezi angewarushia mawe. Akakaa kwenye kidato.

"Wewe?" akauliza. "Vaidehi, ni wewe?"

"Samahani, bibi. Nimebonyeza, mlango haufunguki. Umeziba tu. Kidogo tu nimalizie."

"Mwanangu, hakuna cha kumalizia. Mlango haupo. Niliutunga mimi."

Binti akatabasamu, na tabasamu lile lilimtia Dhapu baridi kuliko shimo lenyewe.

"Ndivyo mlinzi anavyosema," Vaidehi akasema. "Ukurasa wa kumi. Anawaambia hivyo wasiostahili."

"Yule wa kitabuni amechorwa! Mimi ndiye mwenyewe nakwambia!"

"Na yeye ni wewe, bibi."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa kwa Dhapu kusema ukweli juu ya ukuta ule, na ukweli ulikuwa umeshachukuliwa, umegeuzwa kuwa sehemu ya uongo. Aliapa kwa kaburi la mama yake, akakumbuka mama yake hana kaburi, alichomwa kama watu wote wa kwao. Akaapa kwa roho ya Mangilal. Binti alikuwa ameshageuka, anachokonoa tena.

Hapo Dhapu akafanya jambo ambalo hadi leo likimjia akilini husimama palepale alipo. Aliinuka, akampokonya binti mtaimbo, na kwa mikono yake mwenyewe akaupigilia ndani ya tembo. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu bamba la jiwe likabanduka, likaporomoka vidatoni kwa kishindo, na njiwa wote wakaruka. Nyuma yake udongo ukamwagika.

"Tia mkono," akasema akihema. "Tia hadi begani."

Vaidehi akatia. Akapapasa. Alipoutoa mkono alikuwa ameshika konzi la udongo na mzizi mdogo mweupe.

"Udongo," akasema.

"Udongo tu, mwanangu. Hakuna malkia aliyepita hapa. Bwana mmoja alikidharau kisima changu, nami nikasema uongo."

Binti aliutazama ule mzizi. "Nilitaka pawe na pa kutokea," akasema. "Basi tu. Matokeo yametoka jana, bibi. Nimefeli tena. Baba ameuza shamba la babu ili nije huku. Nilisema nikifika hapa, kama mlango upo nitaingia. Kama haupo..."

Macho yake yaliteremka vidatoni, na ya Dhapu yakayafuata hadi chini, kwenye maji ya kijani yasiyotikisika, ambayo kina chake hata Mangilal hakuwahi kukipima.

Dhapu akautupa mtaimbo. Akamkamata binti kifundo cha mkono, akakikaza kama anayemvuta mtu kutoka mtoni, na hakukiachia. Walipanda naye hivyo ngazi zote. Alitafuta simu kwa mkono mmoja, akapiga namba ya baba aliyotajiwa na binti, akammwagia maji kichwani, akamlisha mkate tonge kwa tonge, yote kwa mkono mmoja.

Baba yake alifika jua likielekea kuzama, shati limelowa jasho. Vaidehi akaanza, "Baba, matokeo..."

"Niliyaona jana kwenye simu," baba akamkatiza. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nilidhani nikikupigia mimi utaona nakulaumu." Akajipiga paji la uso mara mbili. "Mjinga mimi! Mjinga!" Akamkumbatia mwanawe palepale barabarani, mbele ya Ramkaran na ng'ombe wawili, na ndipo Dhapu alipokiachia kile kifundo. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa bwana Shekhawat, mkubwa wa idara wilayani. Alieleza yote kuanzia miwani myeusi.

"Miaka kumi na tisa?" Shekhawat alisimama na kalamu mkononi. "Dhapu Bai, mimi nimempeleka mkwe wangu kumwonyesha huo mlango! Na nani kavunja?"

"Mimi."

"Wewe? Unayempiga mtu kofi kwa kuchora moyo ukutani?"

"Mtaimbo ulikuwa mikononi mwangu, bwana." Jina la binti hakulitaja.

Alisimamishwa kazi miezi sita. Tanaya alipigiwa simu, akaelezwa yote. "Mama mdogo," alisema, "kile kitabu nimekitunga chote. Huo mlango ndio kitu pekee ambacho sikukitunga mimi." Kisha akalia, na kitabu kilipochapishwa tena, ukurasa wa mwisho ulisema kwamba mlango ni hadithi iliyotungwa na Dhapu Bai wa Kherda.

Haikusaidia sana. Mafundi waliuziba ukuta kwa chokaa na kuunga mkonga, na wapo wanaoapa kwamba serikali ndiyo imeuziba mlango. Dhapu aliporudishwa kazini mwezi wa kumi na moja aliwaambia ukweli wote waliouliza. Wengi wao walimkonyeza tu.

Vaidehi anasomea kuwa mfamasia Bhilwara, na hupiga simu siku za sikukuu. Dhapu haendi tena nyumbani mchana. Jua likiwa kali kiasi gani, hukaa na mwavuli wake kwenye kidato cha chini kabisa, juu ya maji, na kijana yeyote anayeshuka peke yake huulizwa ametoka wapi, amekula nini, na nani anamngojea.