Sala Yangu Ndefu Mbugani

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Makambako, na kwetu safari haianzi bila sala. Tulipoingia mbugani Zambia na wanakwaya, nilimwomba dereva kwa ishara azime gari. Wote wakafumba macho, nami nikaomba tuonyeshwe simba. Nikaombea pia matairi, wagonjwa, na viazi tulivyoacha shambani.

Niliposema amina, dereva, asiyejua Kiswahili, alinyoosha kidole tu. Nyayo mbichi za simba zilipita kando ya gari hadi vichakani. Siku nzima hatukuona simba hata mmoja.

Jioni niliwafariji kwamba Mungu hakupenda. Mama Upendo, mkubwa wetu kwa umri, akasema taratibu, “Alipenda, mzee. Mimi nilichungulia. Simba alikaa akikutazama, ulipofika kwenye viazi akaondoka.”