Waliuliza Kama Ana Wadudu

Saa moja na nusu asubuhi, na nje baridi imefika nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Ndani ya kibanda cha vioo, Dativa Magesa amevua koti, amekunja mikono ya sweta na anafuta maiti.

Anazifuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni, jani moja baada ya jingine, kwenye mipungate mia mbili na kumi iliyopangwa juu ya meza ndefu. Majani ya mmea huu ni mapana kama kiganja na yamejaa miiba. Juu yake kuna utando mweupe kama pamba, na chini ya utando kuna wadudu wadogo kama punje za pilipili manga. Wote wamekufa.

"Usiniulize habari za asubuhi," ananiambia bila kugeuka. "Sina habari nzuri."

Kibanda hiki kiko kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto Mississippi, hapa Minneapolis, nyuma ya karakana inayotia rangi sufi na kuuza skafu na mablanketi. Ni Februari 1997. Wadudu hawa ndio rangi nyekundu ya karakana nzima. Jike akikomaa hukwanguliwa kwenye jani, hukaushwa na kusagwa, na unga wake ukichemshwa na shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, hutoa wekundu usiopauka. Wanatakiwa wadudu kama elfu sabini kupata unga usiofika hata nusu kilo. Dativa amewakwangua kwa kijiko cha mpini mrefu kwa miaka sita, kwa dola saba na nusu kwa saa.

Kazi alifundishwa na mzee mmoja wa kisiwa cha Lanzarote, ambako watu wamelima mipungate kwa ajili ya wadudu hawa tangu enzi za babu zao. Ndiye aliyeleta mbegu. Alimwonyesha namna ya kuwaweka mama wadudu kwenye kijifuko cha kitambaa chepesi, kukitundika kwenye mwiba, kisha kungoja watoto watoke wenyewe na kutambaa hadi kwenye jani. Unangoja kama miezi mitatu, unavuna, na kila mara unabakiza mama wachache wa mbegu. Mzee alirudi kwao mwaka 1993 akamwachia kijiko chake.

"Mimi ni mtu wa Ukerewe," anasema Dativa, mwenye miaka arobaini na saba. "Nimezaliwa kisiwani, nikafundishwa na mtu wa kisiwani, nikapata kazi kisiwani. Nilijiona nimefika kwetu."

Alikuja hapa mwaka 1984 akimfuata mumewe aliyekuwa anasoma chuo kikuu. Mumewe alifariki mwaka 1989, akamwachia binti mchanga, Tulia. Kibanda hiki ndicho kilichowalisha.

Sasa nieleze kilichotokea, na msomaji atanisamehe nikipandisha sauti.

Katikati ya Januari ofisi ya karakana, iliyoko ghorofa ya juu, ilishusha fomu kwa kila mfanyakazi. Iliuliza: Je, mahali pako pa kazi pana wadudu? Wengi au wachache? Wako sehemu gani?

Kwa miaka sita ofisi hiyo haikuwahi kumwuliza Dativa chochote kuhusu kazi yake. Alifurahi. Alikwenda na fomu nyumbani, akaijaza kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Nakala anayo, ameikunja ndani ya pochi. Aliandika kwa Kiingereza kwamba wadudu wapo, tena maelfu, wako kwenye kila jani, na mwaka huu, anamshukuru Mungu, wamenenepa sana.

"Nilidhani wananiuliza mavuno," anasema. Anacheka kidogo, kisha anarudi kufuta jani. "Nilisema afadhali, leo wamenikumbuka."

Jumamosi ya tarehe 25 walikuja watu wenye mitungi mgongoni. Hakuna aliyemwambia. Jumatatu alipofungua mlango alipokelewa na harufu ya dawa iliyomtoa machozi kabla hajaona kitu.

Mbegu iliyovuka bahari mikononi mwa mzee iliteketezwa kwa dakika arobaini, na aliyetoa amri hakuwahi kushuka ngazi kumi na nne kuangalia anaua nini. Ngazi kumi na nne! Nimezihesabu mwenyewe.

Alishuka baadaye. Msimamizi wa ofisi, Susan, alikuja saa nne akiwa na fomu mkononi na skafu nyekundu shingoni, zawadi ambayo karakana iliwapa wafanyakazi wa ofisini wakati wa Krismasi.

"Akaniambia, wewe ndiye uliyeandika, saini ni yako," Dativa anasimulia. "Nikamwambia, dada, hicho kilichoko shingoni mwako ndio wao."

Susan aliivua skafu kama aliyeguswa na nyoka, akaiacha mezani. Mpaka leo hajarudi kuichukua.

Nilipompigia simu, Susan alinijibu mambo mawili. La kwanza, mfanyakazi alitia saini. La pili, wadudu wale si wangekufa tu siku ya mavuno? Dativa ameambiwa hata avune hao waliopuliziwa.

Nilipomfikishia hilo la pili, alikitupa kitambaa ndani ya ndoo, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vyangu.

"Kuku ukimchinja na kuku ukimlisha sumu ni kitu kimoja? Huyu wa sumu utamla?" Alisimama ameshika kiuno. "Na mama wa mbegu je? Hao nani alisema wafe? Skafu mtu anaifunga mdomoni wakati wa baridi. Mimi siuzi sumu."

Ofisi imempa mpaka mwisho wa Juni. Akipata wadudu wengine wa kutosha, kibanda kitabaki. Akikosa, mipungate itatupwa, kibanda kitakuwa stoo, unga utanunuliwa nje, naye atatafuta kazi kwingine.

Jioni nakwenda naye nyumbani, kwenye fleti ya vyumba viwili mtaa wa Phillips. Dirishani jikoni, ndani ya kopo la maziwa, limesimama jani moja la mpungate. Lilivunjika Novemba, akaona uchungu kulitupa. Tulia, ambaye sasa ana miaka minane, hulifunika kwa gazeti wenzake wakija.

"Mama, gross!" anasema hata leo, akikunja pua.

Dativa analigeuza kopo taratibu. Upande wa nyuma wa jani kuna vidoa vyeupe. Anavihesabu bila kuvigusa, kwa ncha ya kijiko cha mzee. Kumi na tisa. Kila mama huzaa watoto mia kadhaa, na vijifuko ameshashona.

"Nitawalea hapa hapa," anasema. "Juni nitafika kisiwani na majani yaliyojaa. Na mlango wa kibanda utakuwa na kufuli, ufunguo ninao mimi. Wasipokubali, basi wadudu ni wangu, nitatafuta dirisha kubwa zaidi."

Mezani kuna karatasi iliyosukumwa chini ya mlango mchana. Imetoka kwa mwenye jengo, na kila fleti inatakiwa kuirudisha: Je, nyumba yako ina wadudu? Wengi au wachache?

Dativa anavaa miwani, anaandika neno moja, anatia saini. Kisha anamwita Tulia amwangalizie Kiingereza chake.

Tulia anasoma, anatazama dirishani, anamtazama mama yake.

"Mama, that's a lie."

"Peleka," anasema Dativa. "Safari hii nimelielewa swali."