Mkono Uliogoma Kuachia Kisu

Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa tatu. Tangu asubuhi wingu zito limekaa upande wa ziwani, joto linabana, mvua haitaki kunyesha wala kuondoka.

Mama mchungaji ameniomba niandike habari za mkono wangu ili zisomwe kwenye kikundi cha kina mama. Nimekuwa namkwepa. Mimi niliishia la saba, halafu sina hakika kama habari yenyewe itamtia mtu moyo, maana mpaka leo nikiikumbuka nakasirika. Akaniambia, "Andika hivyo hivyo na hasira zako." Basi naandika.

Kabla ya kuumwa nilikuwa na afya yangu. Nimezaliwa Butiama, nikaolewa na mtu wa ziwani, tukahamia Musoma mjini. Mume wangu, Baba Masatu, alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Ilipokuja miaka ile ya kupunguza watu, naye akapunguzwa. Alirudi nyumbani na viatu vya kazi mkononi, akavisukuma chini ya kitanda. Kwa hiyo kilipofunguliwa kiwanda kimoja kipya cha samaki, mwenye kazi nyumbani nikawa mimi.

Kazi ilikuwa kutoa minofu ya sangara. Tunasimama mezani na buti za mpira, maji ya barafu yanatiririka, mkononi una kisu chembamba. Sangara anakuja, unamkata kuanzia shavuni mpaka mkiani, unamgeuza, unakata tena, mifupa unaisukuma pembeni, mwingine ameshafika. Mwanzoni niliipenda. Nilikuwaga na mkono mwepesi, hata wenzangu walisema.

Baadaye mzigo ukaongezwa. Mezani watu wakapunguzwa, samaki hawakupunguzwa. Msimamizi wetu, Bwana Mafuru, alikuwa anasimama nyuma yetu anapiga makofi: "Mikono! Mikono! Nje ya geti kuna watu wanaililia kazi hii!" Haki yake nimpe. Naye alikuwa na wakubwa wa kumpigia makofi, na siku mwenzetu alipojikata vibaya, ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari. Lakini yale makofi yaliniingia mwilini.

Lilianza tumbo. Likawa linakaza nikiliona tu geti. Halafu haja ndogo, naenda, narudi, nataka tena, na ruhusa yenyewe ya kuomba. Meno nilikuwa nayabana mpaka taya linauma. Nyumbani nilikuwa mkali, mtoto akidondosha kikombe nashtuka kama nimepigwa.

Siku moja king'ora cha kupumzika kikalia. Wenzangu wakaweka visu chini. Changu hakikutoka. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekikumbatia, naviambia viachie, haviachii. Rehema, dada wa Bunda tuliyekuwa tunasimama naye, akaanza kuvinyanyua kimoja kimoja.

"Mama Masatu, kisu kimekuoa hiki," akasema, "na talaka hakitoi!"

Tulicheka meza nzima, na mimi nikacheka. Kisu kilitoka. Vidole vikabaki vimejikunja kama mguu wa kuku.

Havikukunjuka siku hiyo wala wiki hiyo. Kuvaa gauni mpaka nisaidiwe. Chooni nilijifunza kutumia mkono wa kushoto, na sioni aibu kuliandika hilo maana mgonjwa mwenzangu ataelewa. Wifi yangu Nyamisi hakuzungusha maneno: "Umelogwa. Kuna mtu anaitaka nafasi yako."

Hospitali walinipiga picha. Daktari kijana akaiinua dirishani, akaitazama. "Mama, mifupa mizima. Mkono wako hauna kitu."

Nilitaka kulia. Kama hauna kitu, mbona haufunguki? Lakini hakunidharau, alinipa dawa ya maumivu, akaniambia nirudi. Aliyenimaliza ni Bwana Mafuru nilipompelekea majibu.

"Hauna kitu? Basi unaigiza, mama. Nakungoja mwezi huu uishe. Usipofunguka, nafasi naijaza."

Nyumbani tulikuwa tunakula kwa mkono huo. Kibaya zaidi, nikaanza kujishuku. Nilikuwa nakaa kitandani naviangalia vidole vyangu, najiuliza, hivi kweli mimi naigiza bila kujua? Mtu anaweza kujidanganya mwenyewe kiasi hicho?

Alasiri moja nilisinzia mkekani. Nilipoamka, Baba Masatu alikuwa ameniinamia, ananitazama.

"Ukisinzia vinafunguka," akasema. "Nimeviona. Vimelegea kabisa."

"Na wewe unaniita mwongo?"

"Nimesema nilichoona, Mama Masatu. Usinirukie."

Nilimnunia. Kumbe aliponisindikiza kwa yule daktari kijana alimweleza vile vile, na yule kijana akakaa wima kwenye kiti. Akatuelekeza kwa daktari mmoja mtu mzima huko Bunda, Daktari Wambura, aliyesomea nje matibabu yanayoitwa hipnosisi. Anakutuliza kwa maneno, taratibu, mpaka akili iache kuubana mwili.

Baba Masatu hakuipenda. Njia nzima ya Bunda alikuwa analalamika. "Shuleni kwetu alikuja mtu wa mazingaombwe. Alimlaza mwalimu wetu wa hesabu, mwalimu akatafuna kitunguu kizima akisifia chungwa. Ndicho unachofuata?"

Tulipofika akamwambia daktari maneno hayo hayo. Daktari Wambura akacheka mpaka akakohoa.

"Vitunguu sina, mzee. Na mama halali. Atanisikia muda wote, akitaka kufungua macho atafungua. Kaa hapo hapo uone."

Nikakaa, nikafumba macho. Akaniambia nipumue polepole, niusikie uzito wa miguu. Hapo nilikuwa vizuri. Kisha akasema, "Sasa uko ufukweni mwa ziwa. Upepo mwanana. Unasikia mawimbi yanakuja, yanarudi..."

Puani ikanijia harufu ya sangara. Nikasikia maji ya mezani, nikasikia makofi. Mkono ukakaza zaidi.

"Unajisikia vizuri, mama?"

"Ndiyo, daktari."

Kwa nini nilisema ndiyo? Sisi tumelelewa hivyo, mkubwa akikuhangaikia humwambii amekosea. Tukarudi tena Bunda, akanipeleka tena ufukweni, nikasema tena ndiyo. Mara nyingine akanipandisha mtumbwi! Mimi kimoyomoyo nashika ukingo nisizame, mdomo unasema vizuri, daktari. Mwezi unakatika. Nilikuwa nimewakasirikia wote wawili, yeye na mimi.

Kilichonisaidia ni damu. Siku hiyo kucha zilikuwa zimechoma kiganja. Daktari akaona tone kwenye gauni, akavuta kiti karibu.

"Mama, huko ufukweni kwako kuna nini?"

"Samaki, daktari."

"Samaki tu?"

"Samaki na Bwana Mafuru."

Baba Masatu akaangua kicheko. Mimi nikaangua kilio, yote yakatoka. Nikamwambia mimi ni mtu wa Butiama, ziwa nimelikuta kwenye ndoa, hata kuogelea sijui, na kwangu mimi maji ni kazi.

Daktari akavua miwani. "Nilisikia umetoka Musoma, nikajua mtu wa maji. Kosa langu hilo. Lakini na wewe mbona ulinyamaza? Haya, leo nipeleke wewe. Ulikuwa unapumzikia wapi?"

Nikafikiri. "Juu ya jabali, kwa bibi. Tulikuwa tunaanika udaga, ile mihogo ya kuvundika. Mimi kazi yangu ilikuwa kulala pale kufukuza kuku."

"Twende. Njia siijui, niongoze."

Nikamwongoza. Nilisikia joto la jiwe mgongoni, na ile harufu ya uchachu ya mihogo. Yeye alikuwa ananifuata tu, anauliza kuku wako wapi, jua liko wapi. Sijui ulipita muda gani. Nikasikia Baba Masatu anasema pole pole, "Kidole." Kile kidole kidogo cha mwisho kilikuwa kimenyooka. Vingine vilifuata, vinatetemeka, vinauma kama vimemwagiwa maji ya moto. Kamasi zilinitoka, na kidogo nijikojolee.

Nilirudi mara kadhaa, akanifundisha kwenda jabalini peke yangu, hata nikiwa navaa buti. Mwezi haujaisha nikasimama mbele ya Bwana Mafuru, nikafungua mkono, nikaufunga, nikaufungua.

"Si nilisema?" akajibu. "Hakikuwa kitu."

Neno hilo bado linaniwasha. Hata Rehema aliniuliza, bila ubaya, "Kwa hiyo ni maneno tu?" Leo ningemwambia hivi: mtu akitukanwa moyo unamwenda mbio, na hakuna anayesema moyo unaigiza. Mkono wangu nao ulifungwa na makofi na vitisho.

Nipo kazini hadi leo. Mkono umejaribu kukaza tena, nikaulegeza pale pale mezani. Lakini nisiwafiche, nilichofundishwa ni kutulia, na meza ni ile ile. Kwa nini nitulie mimi peke yangu? Tulikwenda na Rehema kuomba tuwe tunapokezana, kukata na kupanga. Bwana Mafuru alikataa. Baadaye wengine nao wakaanza kulalamikia vidole, na siku hizi tunapokezana. Sijui ni sisi tuliomshawishi au ni wao. Makofi bado anapiga.

Namshukuru Daktari Wambura, na yule kijana, na Baba Masatu na macho yake, na kina mama mlioniombea. Nani alifanya kiasi gani, siwezi kugawa. Mwenye ugonjwa kama wangu aende hospitali, na akiambiwa hauna kitu asikate tamaa, aulize tena. Na daktari akikupeleka mahali pasipokufaa, mwambie. Mimi nilipoteza siku nyingi kwa adabu.

Kesho nina zamu ya asubuhi. Jioni hii tumekula viazi vitamu vya kuchemsha na maziwa ya mgando, na mvua bado haijanyesha.