Sufuria ya Shaba na Mbuzi Wangu Mmoja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko nyingi. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa karibu na Ngulyati. Baba na mama walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la nne ili niwalee wadogo zangu watatu. Chombo cha maana tulichorithi kilikuwa sufuria ya shaba. Baba aliinunua kwa ndama dume, na watu walimcheka mwaka mzima.

Kwetu msichana alisifiwa kwa vyombo vinavyong'aa. Ndani ya sufuria ile kulikuwa na weupe uliofifia, nikadhani ni uchafu wa miaka. Nikausugua kwa mchanga na majivu siku baada ya siku, mpaka ndani kukawa kwekundu kama nje. Jirani alinisifu, nami nikavimba kichwa. Kisha nikapika uji wa ukwaju, nikauacha humo mpaka asubuhi, nikawapa wadogo zangu. Haukupita muda wakaanza kutapika. Limi, wa mwisho, alishindwa hata kuinua shingo.

Mganga wa zahanati aliwatibu, wakapona. Alipojua nilichopikia, aliniambia niipeleke sufuria kwa fundi mjini Bariadi, la sivyo niitupe.

Fundi alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka Ujiji. Aliniamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaigeuza sufuria, akatikisa kichwa. Weupe ule, alinieleza, ulikuwa bati, hupakwa ili shaba isiingie kwenye chakula chenye uchachu. Kulirudisha alitaka mbuzi. Nilikuwa naye mmoja tu, ambaye wadogo zangu walikunywa maziwa yake.

"Mzee, mbuzi mzima kwa kupaka tu?"

"Kaa hapo," akasema, wala hakukasirika. "Ukiona mbuzi amezidi, nitakurudishia miguu."

Nikakaa. Kwanza aliendelea na sufuria nyingine, aliyokuwa akiifua kutoka bamba moja bapa la shaba ya Kongo. Alipiga mapigo madogo, yakifuatana kuizunguka. Shaba ikipigwa sana hukakamaa, na ukilazimisha hupasuka. Kwa hiyo aliirudisha motoni, akaipoza majini, ikalainika, akaanza tena. Hiyo ilikuwa siku yake ya nne. Alinipa nyundo nijaribu. Pigo langu moja liliacha shimo ambalo alihangaika nalo kwa muda mrefu.

Halafu akashika yangu. Akaipasha juu ya makaa, akanyunyiza unga mweupe kama chumvi, moshi ukapanda. Akagusisha kipande cha bati, kikayeyuka. Papo hapo akachukua bonge la pamba, pamba hii hii tunayoilima sisi na kuiuza, akalisambaza bati la moto kwa mkono wake, na weupe ukatambaa ndani ya sufuria mpaka ukingoni. Ndipo nikaona kwamba vidole vyake viwili havikuwa na kucha.

Sikusema tena habari ya mbuzi. Kesho yake nilimpeleka mwenyewe, na maziwa tukayakosa hadi msimu wa pamba, tulipopata fedha za kununua mwingine.

Siku hiyo hiyo nikarudi na sufuria nyumbani, nikapika uji. Limi aliutazama, akarudi nyuma. "Dada, anza wewe."

Nikanywa kikombe changu chote, wote watatu wakinitazama usoni. Kisha Limi akanyoosha mkono.

Kwa hiyo, mwanangu, bei ikikushtua, usimdharau mwenye kazi kabla hujamwona akiifanya. Sufuria ya shaba ni ghali kwa sababu madini yake yametoka mbali, yamepita motoni mara nyingi, na yanamtaka mtu aliyeyapa mikono yake. Na kitu usichokijua usikisugue. Uliza kwanza, mimi sikuuliza, na nusura nizike mtoto.

Mungu akupe subira ya kutazama kazi za watu, na wote utakaowapikia walale wameshiba, waamke wazima.