Sauti Iliyofunikwa na Besi

Mwanangu, usinicheke kwa mwandiko huu wala kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu bado inachechemea.

Nakumbuka siku moja pale Mwingi, nikiwa kijana wa kufunga redio za magari. Nilikuwa na haya; ningeweza kushinda kutwa bila kusema na mtu. Besi, ule mdundo mzito wa spika kubwa, ndiyo iliyonisemea. Manamba, wale vijana wa kuita abiria wa matatu, wakiisikia walinipigia miluzi, nami nikadhani nina marafiki.

Mzee Nzioka, mkulima wa Zombe, akaniletea pikapu yake nifunge amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti. Kuuliza si ujinga, lakini sikumuuliza anapenda kusikiliza nini. Nilizungusha vifundo vya amplifaya hadi mwisho, cha besi na cha spika ndogo za mbele, kama nilivyowafanyia wenye matatu. Akatia kaseti yake. Milango ikatetemeka, watu wakakusanyika.

"Aiya, kijana!" akaita. "Umenifungia mashine ya kusaga posho?"

Watu wakacheka. Walipotawanyika, akasema kwa upole, "Hiyo ni kwaya ya kanisa letu. Anayeimba sauti ya pili ni mama wa watoto wangu. Tulimzika mwaka jana. Nimebaki na kaseti hii tu, na wewe umemzika tena."

Nilikosa pa kuweka uso. Nikashusha vifundo vyote. Redio nikaiweka robo tatu ya sauti yake, kisha nikapandisha spika za mbele kidogo kidogo. Zilipoanza kukwaruza, nikazishusha kidogo. Besi nikaileta mwisho, ipite chini ya waimbaji, isiwapande kichwani.

Mzee akainua mkono. "Hapo. Usiguse."

Akafunga mlango, akapandisha kioo, akasikiliza peke yake. Nami nikasimama nje. Hakuna aliyepiga mluzi. Baadaye akashusha kioo.

"Ingia, uketi. Anaimba vizuri, ama?"

"Anaimba vizuri, mzee."

Nikaketi naye hadi kaseti ikaisha; tangu nije Mwingi hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia niketi.

Sasa nami ni mzee, na nyumba yangu imenyamaza. Mwanangu, mwenye kelele hana neno. Kabla hujapandisha chochote, uliza mtu anataka kumsikia nani. Na pale nyumbani kwenu, mtafute mwenye sauti ndogo, umsikilize angali hai. Mungu akupe masikio mapole, na mtu wa kukuambia, "Ingia, uketi."

Ukisoma haya, niandikie, hata mistari miwili. Nasoma polepole, lakini nasoma yote.