Lango la Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Ardhi Mkuu alinikabidhi futikamba ya chuma, daftari la ukaguzi na onyo moja. "Andika ulichopima," alisema. "Ulichosikia waachie wengine."

Nilianzia Mohoro, nikipima viwanja vya wakulima wa mpunga. Baadaye nikapelekwa Salale, ambako mpimaji hushuka botini suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini, na alama za mipaka humezwa na tope la mikoko kabla rangi haijakauka. Kote huko sikuandika nisichokipima. Nalitaja hili kwa sababu ilikuja kusemwa ofisini kwamba katika faili moja nilitia chumvi. Sikutia, na faili lenyewe ndilo hili.

Miaka yangu ya mwisho nilikuwa Kibiti. Sheria ndogo ya makazi, yaani kanuni ambazo halmashauri hujitungia kwa eneo lake, ilikuwa ya enzi ambazo wenye magari mjini walijulikana kwa majina. Tukaagizwa kuihuisha. Kila kiwanja kiwe na maegesho ndani ya mipaka yake. Lango la gari lisivamie hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pembeni inayosubiri upanuzi. Na malango mawili yakikaribiana mno, lisilotumika lizibwe kwa mawe ya kingo, linalotumika lipanuliwe. Afisa alitakiwa kukagua asubuhi tatu, kisha kuandika katika fomu neno moja kati ya mawili: linatumika, au halitumiki.

Ndipo nilipofika kwa Bi Zuhura. Lango lake lilipakana na la Bwana Jivan, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye wanawe walikuwa na magari matatu na pa kuyaweka hapakutosha. Bi Zuhura hakuwa na gari. Mumewe, Bwana Seif, alikuwa ameondoka na pikapu yao msimu mmoja wa mafuriko, kwenda delta kuchukua kaa kwa wavuvi. Hakurudi, wala pikapu haikuonekana. Tangu hapo, kila asubuhi mama huyo aliufagia mchanga kwa fagio la chelewa, kutoka mlangoni hadi barabarani, akaacha lango wazi.

"Bibi, hilo gari lako linakunywa mafuta gani?" Bwana Jivan alimtania mbele yangu.

"Hayo hayo ya magari yako yanayoziba njia ya watu," akajibu, bila kuinua macho. Kisha akanigeukia. "Bwana Ardhi, mimi sikukaa eda. Sikuonyeshwa maiti, sikuonyeshwa hata tairi. Mkiziba lango la gari lake, mmenizikia mume. Wewe ndiye utakayeniletea taarifa hiyo?"

Nilimwambia nitaandika nitakachokipima.

Asubuhi ya kwanza, juu ya mistari ya fagio palikuwa na alama za tairi. Ziliingia, hazikutoka. Ndani yake mlikuwa na tope jeusi lenye harufu ya mikoko, ilhali Kibiti ni mji wa mchanga na mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda. Nilipima upana, nikaulinganisha na magari yote matatu ya jirani. Haukulingana na lolote. Asubuhi ya pili ilikuwa vilevile.

Asubuhi ya tatu nilisimama barabarani tangu alipoanza kufagia hadi alipomaliza. Akanikaribisha kahawa barazani. Nilikunywa nikiwa nimekodolea macho barabara, na halikupita gari. Niligeuka kuweka kikombe kwenye sinia. Nilipotazama tena, alama zilikuwapo, na tope lilikuwa bado linatiririsha maji.

Niliandika: linatumika. Nikaambatanisha vipimo na picha za simu.

Mkuu wa Idara aliniita. "Gari uliliona?"

"Sikuliona, mkuu. Alama zake nimezipima."

"Fomu haina nafasi ya alama," alisema. Akachukua kalamu, akalikata neno langu na kuandika lake, juu ya saini yangu. Jambo hilo halikubaliki katika utumishi wowote, na nilimwambia hivyo kwa barua.

Mawe yaliwekwa. Siku hiyohiyo Bi Zuhura aliingia eda, majirani wakaja na mikeka kumpa pole.

Siku ya tatu Bwana Jivan alinipigia simu, na safari hii hakuwa na utani. Nilimkuta amesimama mbali na mawe. Alama zilitoka barabarani zikakoma kwenye kingo. Kutoka hapo nyayo za miguu mitupu, zenye tope lilelile, zilivuka mawe zikaenda hadi mlangoni. Za kurudi hazikuwapo.

"Mimi nilitaka nafasi tu, Bwana Ardhi," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie mkuu wako ayang'oe."

Bi Zuhura alikuwa uani. Alikuwa amevua nguo za eda, amevaa khanga zake za kila siku, anafua shati la kiume. Maji ya beseni yalikuwa meusi. Nyuma yake, mlango wa chumbani ulikuwa umeegeshwa, na mtu mle ndani alikohoa.

Sikuuliza. Naye aliona kwamba sitauliza.

"Mwenyewe nimempata," alisema, akikamua shati. "Sasa niulizie ofisini kwako, gari lake likae wapi?"

Nililiandika swali hilo neno kwa neno, nikalipeleka masjala, likagongwa muhuri wa kupokelewa. Nilistaafu muda mfupi baadaye. Vijana wa idara huniambia kwamba sheria ndogo mpya inafanya kazi vizuri, na mimi nimeisoma, ina vifungu vyema. Lakini mawe yale hayajang'olewa, tope hukutwa mbele yake kila asubuhi, na swali la Bi Zuhura halijajibiwa.