Stika ya Nestori wa Nkwenda

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa karakana, tuliyemwita Bwana Karakana, aliniangalia kuanzia kilemba mpaka viatu, akasema, "Jikoni ni upande ule, mama. Nyuma ya bwalo." Nikampa shikamoo yake kwanza, maana adabu ni adabu, ndipo nikamwambia nimeajiriwa karakana. Akacheka. Akanipa mkasi wa bati na kipande cha debe, akasema nimtengenezee gurudumu. Nikamtengenezea. Akaligeuzageuza, akalitia mfukoni, na mpaka anastaafu hakuwahi kuniambia kama lilikuwa zuri au baya. Nami sikumwuliza.

Hicho kilikuwa chuo cha wakulima, upande wa Bugene, na karakana yetu ilikuwa ya vielelezo. Mashine nzima huwezi kuiingiza darasani, wala huwezi kuipasua ili mkulima aone ndani, kwa hiyo tulitengeneza modeli: trekta, pampu, kinu, zote kwa kipimo cha moja kwa kumi, yaani mita moja ya mashine kwangu ni sentimita kumi. Watu waliziita matoi. Mpaka leo wapo wanaoziita matoi, na mpaka leo nawajibu hivi: toi ni la kuchezea, hii ndiyo iliyomfundisha baba yako kubadilisha mkanda wa mashine bila kuacha kidole humo.

Modeli nyingi zilikuja za dukani, trekta kubwa la kibanda cha vioo, la mashamba tambarare ya huko lilikotoka. Huku kwetu lingepita wapi, katikati ya migomba na mibuni, kwenye vilima hivi? Basi mimi nilikata. Kibanda natoa kwa msumeno wa chuma, ekseli nafupisha, tairi nachonga kutoka soli za ndala, na bomba la sindano linakuwa jeki ya kuinulia tela. Nikimaliza, lile lililotoka dukani halijijui. Kuigeuza modeli ya watu ifanane na mashine yetu ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliipenda jamani, nisiwafiche.

Halafu stika. Hapa tegeni sikio kwa sababu ndipo penye ufundi. Mashine ina maandishi yake: jina, alama ya hatari, mshale wa kuonyesha mafuta yanamiminwa wapi. Kwa brashi huwezi kuandika herufi ndogo kama chawa. Zamani nilipaka karatasi uji wa wanga wa muhogo, ukikauka napaka vanishi, juu ya vanishi naandika, kisha napaka vanishi tena. Ukiiloweka kwenye maji ya vuguvugu wanga unaachia, na maandishi yanateleza yakiwa kwenye utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Unayahamishia kwenye modeli, unafukuza maji kwa kitambaa, basi. Zilipokuja printa nikaanza kuchapisha mjini Kayanga kwenye karatasi maalumu. Vijana wa stesheneri hawakutaka kuamini kwamba printa haina wino mweupe, lazima utangulize weupe chini, na kwamba usipoipulizia vanishi kabla ya kuiloweka, rangi yote inakimbia. Tuligombana sana mpaka tukaelewana.

Bwana Karakana alipostaafu, akaja Mratibu wa Mradi. Mtu nadhifu, shati limenyooka, kila akifungua kinywa ni "timu, timu". Mradi wake ulileta pawatila, yale matrekta madogo ya magurudumu mawili ambayo dereva anatembea nyuma yake, zikapelekwa Kyerwa kulima. Zilime nini? Ukiingiza pawatila kwenye shamba la migomba unakata mizizi yote. Zikakaa chini ya turubai, kuku wakatagia humo.

Aliyeziamsha ni Nestori, fundi wa kuchomelea pale Nkwenda, hukohuko Kyerwa. Wazazi wake walitoka Burundi kufanya vibarua vya kahawa. Yeye alizaliwa huku huku, akabatizwa huku, akaoa huku, na bado kwenye vilabu vya pombe waliendelea kumwita "yule Mrundi". Nestori alichukua pawatila moja, akaling'oa jembe lake, akafunga ngoma yenye visu alivyovifua kutoka springi za lori kuukuu, akaiunganisha na injini kwa mkanda. Unaingiza mgomba uliokwisha kuvunwa, unatoka vipandevipande: chakula cha ng'ombe, au matandazo ya shamba. Mawe, mama yangu we! Watu walifurika kwake kama kwenye harusi.

Mratibu akataka modeli ya mashine hiyo kwa ajili ya maonyesho ya wakulima. Nikatumwa Nkwenda kupima. Nilipima mpaka bolti, na nilipomaliza nikamwuliza mwenyewe kwa heshima ya kwetu, "Ta Nestori, kwenye stika niandike nini?"

"Andika ya mradi, Ma Adventina. Mimi niache."

"Nikuache kwa nini?"

Alikuwa anafuta mikono kwa tambara, haniangalii. "Jina langu likionekana wataanza kuuliza la baba. Halafu la babu. Nimechoka kuulizwa."

Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa kwake. Nikamwambia hao wanaouliza ndio hao hao wanaolisha ng'ombe wao kwa mashine yake. Asipoandikwa sasa, kesho itakuwa mashine ya mradi, na keshokutwa atatokea mtu wa kumfundisha yeye Nestori namna ya kuiwasha. Atabaki yule Mrundi, kibarua, mpaka kaburini. Akaendelea kufuta mikono. Mkewe alikuwa pembeni anamenya ndizi, akasema bila kuinua kichwa, "Sema, baba Aline."

"Basi andika Nestori wa Nkwenda," akasema. "Hapa ndipo walipozaliwa wanangu."

Nikarudi Bugene. Modeli ya pawatila ya dukani niliifungua yote, stika zake za kiwandani nikazilainisha kwa maji ya moto na kuzibandua, nikatengeneza ngoma kwa kopo na visu kwa bledi za msumeno. Kisha nikachapisha karatasi nzima ya jina lile, herufi nyeupe juu ya nyekundu, maana stika hupasuka na mtu mwenye akili huweka akiba.

Mratibu alipoiona alifurahi, akainama, akasoma. "Huyu Nestori ni nani?"

"Ni fundi aliyeitengeneza."

"Injini ni ya nani, mama?"

"Ya mradi. Ndiyo maana kwenye injini nimeandika mradi. Ngoma na visu ni vya Nestori, naye nimemwandika kwenye ngoma yake."

"Mama, sisi ni timu."

"Kwenye timu kila mchezaji ana jina mgongoni."

"Ondoa."

"Siondoi."

Akachukua wembe akakwangua mwenyewe, akachubua na rangi yangu. Alipokwenda kula nikapaka rangi, nikaloweka stika nyingine, nikaibandika. Akarudi, akakwangua. Nikabandika. Wenzangu walijidai wana kazi nyingi, huku mabega yanatikisika kwa kicheko. Mwisho aliibeba modeli akaifungia ofisini kwake, na kwenye maonyesho ikaenda na nembo ya mradi pana kama kiganja. Nestori alitembelea maonyesho kwa nauli yake, akaiona, akageuka akarudi nyumbani. Hilo liliniuma kuliko wembe wote.

Mimi nikahamishiwa Kyerwa kwenye stoo ya pembejeo, kugawa mbolea na kuhesabu majembe. Mratibu alidhani amenikomoa. Watu wakanipa pole. Pole ya nini? Nikapanga chumba Nkwenda, jirani na Nestori, nikakaa huko mpaka nikastaafu, na kila aliyekuja stoo akiulizia mashine ya kukata migomba nilimwelekeza kwa fundi, kwa jina lake lote.

Siku ya kuniaga waliniuliza nataka zawadi gani, godoro au mabati. Nikasema nataka ile modeli. Ukumbi mzima ulicheka. Wakaitafuta, wakaikuta imetupwa, tairi moja limeliwa na panya. Wakanipa na godoro vilevile, na ninalilalia mpaka leo. Ile nembo niliing'oa, nikapaka rangi upya, nikaliandika jina, nikampelekea Nestori. Aliiweka kwenye kabati la vioo, juu ya vikombe vya wageni.

Mwaka huu mradi ukaja tena na watu wapya. Afisa Habari, binti mpole, akanifuata nyumbani pamoja na dereva wake: wanahitaji modeli kwa maonyesho. Nikampeleka kwa mwenyewe. Binti akatoa shikamoo zake vizuri, akapewa kahawa ya kutafuna, zile buni kavu za kumkaribishia mgeni, akaitazama modeli akaisifu. Halafu akafungua mkoba akatoa stika ya nembo.

"Mzee, tutabandika hii hapa juu. Kwa muda tu. Tukirudisha tunabandua."

Nilifungua kinywa. Nestori akaniinulia mkono ninyamaze.

"Hapo unafunika nini, binti?"

"Ni jina tu, mzee."

"Mama huyu aliliandika wakalikwangua. Akaliandika tena, wakalikwangua. Mimi sikusema kitu, niliogopa." Akavuta pumzi. "Sasa nasema mwenyewe. Mnaichukua na jina langu, au mnaiacha."

Binti akatoka nje kupiga simu. Akarudi ameinamisha uso. "Mkuu amesema haiwezekani."

"Basi karibuni chakula," akasema Nestori.

Wakala, wakashukuru, wakaondoka mikono mitupu. Nilikuwa natamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Ninyi vijana huwa mnaniuliza nimepata nini kwa miaka yote ya kukata bati na kuloweka karatasi, wakati wenzangu walipanda vyeo. Cheo sikupata, na kama ningerudishwa kule karakana ningebandika tena, mbele ya wembe uleule. Modeli iko Nkwenda. Anayeitaka ampigie hodi mwenyewe, na amwite kwa jina lake.